Theluthi ya Daraja: Horace King na uamuzi wa kuchukua hisa badala ya ujira

Karibu mwaka 1855, Wazungu wawili wa jimbo la Georgia, Marekani, Charles Mabry na James Moore, walitaka kuweka daraja juu ya mto Chattahoochee, kati ya miji ya Newnan na Carrollton, karibu na mahali panapoitwa leo Whitesburg. Fundi waliyeshirikiana naye alikuwa Horace King, mtu mweusi wa umri wa miaka 48 hivi, ambaye hadi miaka tisa nyuma alikuwa mali ya watu. Kwa kawaida mkandarasi hupatana bei, hujenga, hulipwa, kisha hukusanya vifaa vyake na kwenda kwingine. Safari hii mapatano yalikuwa mengine. King hakuchukua ujira. Alichukua hisa, na daraja liliposimama theluthi yake ilikuwa yake.

Maisha ya King husimuliwa mara nyingi kama habari za kipaji: mtumwa aliyejua kazi hadi mabwana wakamheshimu. Kipaji kilikuwepo, na hakuna anayekibisha. Lakini kuwa fundi hodari ni jambo moja, na kujua njia ya kuzuia jasho lako lisiliwe na wengine ni jambo jingine kabisa. Kwa maoni yangu, theluthi ile ya daraja hilo, lililoitwa Moore's Bridge, inaonyesha akili yake kuliko daraja lolote alilolijenga kwa ujira, na ndiyo ninayotaka kuichambua hapa.

Twende nyuma kidogo. King alizaliwa Septemba 8, 1807, wilaya ya Chesterfield, South Carolina. Asili yake ilichanganya Waafrika, Wazungu na Wacatawba, wenyeji wa asili wa eneo lile. Sheria haikuujali mchanganyiko huo, ilimhesabu mtumwa. Karibu mwaka 1830 alinunuliwa na John Godwin, mkandarasi wa ujenzi, na mwaka 1832 Godwin akapata kazi ya dola 14,000 ya kujenga daraja la Columbus, Georgia, mji uliokuwa na miaka minne tu tangu uanzishwe. Wote wawili wakahamia Girard, ng'ambo ya mto upande wa Alabama, ambako leo ni Phenix City.

Ardhi ya ng'ambo ile ilikuwa ya Wacreek, wenyeji wengine wa asili. Mwaka huohuo wa 1832 waliwekewa mkataba uliowaondolea nchi yao mashariki ya Mississippi, na mwaka 1836 wengi wao wakahamishwa kwa mtutu wa bunduki. Walowezi wa pamba wakamiminika na watumwa wao, magari yao na marobota yao, na kila mmoja alikuwa na haja ya kuvuka mto. Biashara ya madaraja katika bonde la Chattahoochee ilikua juu ya dhuluma hiyo. Ni lazima kulitaja hili kabla ya kusifia boriti hata moja, kwa sababu King mwenyewe alikuwa ndani ya dhuluma ya pili wakati akiijenga nchi iliyotokana na ile ya kwanza.

Kazi zilifuatana haraka. Kati ya mwaka 1838 na 1840 Godwin na King walijenga madaraja ya West Point, Eufaula na Florence, yote yakiwa juu ya mto huohuo. Godwin alikuwa akitoa dhamana ya miaka mitano kwa madaraja yake, hata dhidi ya mafuriko. Dhamana ya namna hiyo haitolewi na mtu asiye na uhakika wa fundi wake. Kufikia mwaka 1840 King alikuwa akitajwa hadharani kama mjenzi mwenza wa Godwin, heshima ambayo mtumwa alipewa kwa nadra sana. Mafuriko ya mwaka 1841 yalipong'oa daraja la Columbus, King ndiye aliyesimamia kulijenga upya.

Lakini heshima haikuwa karatasi. Mwaka 1837 Godwin alihamisha umiliki wa King kwenda kwa mkewe, Ann, na mjomba wa mkewe. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba Godwin alikuwa na madeni na alitaka kumweka King mbali na wadai. Fikiria maana yake kwa mwenye kuhamishwa. Mtu anasimamia kazi yenye thamani ya maelfu ya dola, anaamrisha mafundi, anapima nguzo ndani ya maji ya kasi, na wakati huohuo yeye mwenyewe ni kipengele katika hesabu za madeni ya mtu mwingine. Deni likienda vibaya, anauzwa. Naamini hapo ndipo King alipojifunza somo lake la kwanza la fedha: kwamba usalama wa mtu hautokani na kazi nzuri peke yake, unatokana na jina lililoandikwa kwenye hati.

Alioa kwa kuliangalia hilo. Mwaka 1839 alimwoa Frances Gould Thomas, mwanamke huru mwenye asili mchanganyiko. Katika sheria za majimbo yale mtoto alifuata hali ya mama, kwa hiyo watoto wao wote watano, Washington, Marshall, John, Annie na George, walizaliwa huru ingawa wakubwa wao walimkuta baba yao bado mtumwa. Sina namna ya kujua mapenzi yalikuwa na nafasi gani na hesabu ilikuwa na nafasi gani. Ninachoona ni matokeo: familia ambayo hakuna mdai wa Godwin angeweza kuigusa.

Uhuru wake mwenyewe ulikuja mwaka 1846, na ulihitaji sheria ya bunge. Alabama ilitaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke jimboni. Godwin aliomba, na Robert Jemison, mwanasiasa na tajiri wa Tuscaloosa aliyekuwa amempa King kazi nyingi, alilisukuma jambo hilo bungeni hadi likapita kwa masharti ya kumruhusu abaki. Watu wawili wenye nguvu walimtetea, na wote wawili walikuwa na faida ya kuendelea kumtumia. Sisemi hivyo kuwapunguzia wema wao. Nasema hivyo kwa sababu King alielewa wazi kwamba alibaki Alabama huru kwa kuwa alikuwa na manufaa, na manufaa ya mikono huisha mikono ikichoka.

Sasa turudi kwenye theluthi.

Ili kuelewa kwa nini hisa ilimfaa, inabidi kuelewa daraja lenyewe lilikuwa kitu gani. King alijenga kwa mfumo wa Ithiel Town, msanifu aliyeusajili mwaka 1820. Badala ya magogo makubwa yaliyochongwa kwa shoka na kuunganishwa na mafundi wachache wenye ujuzi wa hali ya juu, mfumo huu hutumia mbao nyepesi zilizopasuliwa kwenye kinu, zikalazwa mshazari na kupishana kama ukili, kisha kila makutano yakatobolewa na kupigiliwa vigingi vya mti mgumu. Ukuta mzima wa daraja unakuwa kimia kimoja kinachobeba uzito. Vigingi vinaingia kwa mamia na mamia, na kila kimoja lazima kikae barabara: kikilegea, mbao zinacheza, na daraja linaanza kushuka katikati. Kisha kuta na paa huwekwa juu yake. Paa halikuwa kwa ajili ya kumkinga msafiri. Lilikuwa kwa ajili ya kimia: mbao zikinyeshewa na kukauka mfululizo huoza katika miaka michache, na zikikaa kavu hudumu kwa vizazi. Daraja la Red Oak Creek katika kaunti ya Meriwether, Georgia, linalohesabiwa kuwa kazi ya King ya miaka ya 1840, bado limesimama hadi leo, likiwa na urefu wa mita 119 pamoja na njia zake za kuingilia.

Huo ndio msingi wa kiuchumi. Daraja lililojengwa vyema lina gharama kubwa mwanzoni na ndogo baadaye. Anayelipwa ujira hufaidika mara moja na uimara wake wote humfaa mwenye daraja. Anayemiliki hisa ndiye anayelipwa na uimara. King alikuwa akijenga madaraja ya kudumu miaka zaidi ya ishirini, na kwa miaka yote hiyo udumu ule uliwanufaisha wengine. Alipochukua theluthi alianza kulipwa kwa ubora wa kazi yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Tozo zenyewe zilikuwa rahisi. Kampuni za madaraja zilipata kibali cha bunge la jimbo, na viwango viliwekwa kwa aina ya mvukaji: gari la kukokotwa lilikuwa na bei yake, mpanda farasi bei yake, mtembea kwa miguu bei yake, ng'ombe na nguruwe kwa kichwa. Aliyewahi kusubiri pantoni mvua ikinyesha anajua kwa nini watu walilipa bila kuvutana sana. Mkulima mwenye marobota ya pamba hakutaka kupoteza nusu siku kwenye kivuko, wala kuhatarisha nyumbu wake mto ukifurika.

Kuna jambo la pili, na kwangu hili ndilo zito zaidi. Katika majimbo mengi ya Kusini mtu mweusi, hata akiwa huru, hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu. Georgia iliwataka watu huru weusi wajiandikishe kwenye kaunti na wawe na mlezi Mzungu. Sasa chukua mkandarasi wa hali hiyo. Amemaliza kazi, mteja anasema atalipa baada ya mavuno, mavuno yamepita, mteja haonekani. Mkandarasi Mzungu angemfikisha mahakamani. King angefanya nini? Angetegemea hisani ya Jemison au Godwin. Tozo haina mambo hayo. Mvukaji analipa kabla hajavuka, mkononi, sarafu kwa sarafu, na asipolipa havuki. Hakuna deni la kufuatilia, hakuna hakimu wa kubembeleza. Kwa mtu aliyenyimwa mahakama, biashara ya fedha mkononi ilikuwa kinga.

Na wabia wake wawili? Wao walikuwa Wazungu, na mashaka yoyote juu ya mkataba, ardhi au kibali yangepitia kwao. Theluthi mbili za Moore na Mabry zilikuwa, kwa namna fulani, ukuta wa theluthi ya King. Anayetaka kuliingilia daraja angewaingilia na wao pia. Angeweza, pengine, kutafuta daraja lake peke yake kwenye mto mdogo zaidi. Kwa mtu wa hali yake, peke yake kungekuwa hatari zaidi kuliko ubia. Hili ndilo jambo ambalo wachambuzi wa biashara wanaopenda umiliki wa asilimia mia moja hulipuuza. Wakati mwingine mbia analeta kitu ambacho fedha hazinunui.

Jambo la tatu ni familia. Karibu mwaka 1858 Frances na watoto walihamia kando ya Moore's Bridge. King aliendelea kwenda na kurudi kati ya hapo na nyumba yao ya Alabama, na kujenga kwingine: daraja kubwa Milledgeville, na daraja jingine Columbus. Aliyekusanya tozo ni Frances na watoto, huku wakilima. Tazama mgawanyo huu ulivyokaa. Baba anachuma kwa ujira mbali, mama anasimamia mali nyumbani, chakula kinatoka shambani, na watoto wanakua ndani ya biashara, wakijua hesabu ya magari na ubao unaohitaji kubadilishwa. Wasimulizi wengi humtaja Frances kwa sentensi moja. Mimi naona bila yeye hisa ile isingekuwa na maana yoyote, kwa sababu mmiliki asiyekuwepo hawezi kukusanya sarafu kwenye lango, na mkusanyaji wa kuajiriwa huiba.

Miaka kama mitatu hivi mambo yalikwenda. Godwin alifariki Februari 1859, akiwa na hali mbaya ya fedha. King alimwekea jiwe la kaburi lenye maandishi ya kumshukuru rafiki yake na aliyekuwa bwana wake, na akaisaidia familia iliyoachwa. Watu wengi hukwama hapo wakiuliza inawezekanaje. Sitajaribu kulitatua. Nasema tu kwamba kufikia mwaka huo aliyekuwa mtumwa ndiye aliyekuwa na uwezo, na aliyekuwa bwana ndiye aliyeacha madeni, na njia zao zilianza kutengana pale mmoja alipoendelea kuishi kwa zabuni baada ya zabuni na mwingine akaanza kushika mali inayoingiza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya majimbo ya Kusini na ya Kaskazini, vikaja mwaka 1861. King hakuwa na uhuru wa kukaa pembeni. Serikali ya Kusini ilimtaka kwa kazi zake: kuziba mto Apalachicola ili meli za Kaskazini zisipande, na kujenga kwenye kiwanda cha chuma cha jeshi la majini pale Columbus. Mtu huru mweusi aliyekataa kazi hiyo katikati ya Georgia ya wakati ule angeiweka familia yake hatarini. Na fedha aliyolipwa ilikuwa noti za Kusini, ambazo vita vilipokwisha hazikuwa na thamani hata ya karatasi. Hapa tozo nazo zilipoteza nguvu, kwa kuwa wavukaji walilipa kwa noti hizohizo.

Pigo lenyewe lilikuja Julai 1864. Jenerali Sherman wa Kaskazini alikuwa akiikaribia Atlanta, na jenerali wake wa wapanda farasi, George Stoneman, alitumwa kushuka kando ya Chattahoochee atafute pa kuvuka ili akate reli iliyoingiza mahitaji mjini. Julai 13 askari wake walifika Moore's Bridge. Walinzi wa Kusini walikuwa wameanza kung'oa mbao za sakafu. Askari wa Kaskazini wakaliteka daraja na kuanza kuzirudisha. Kulipopambazuka mizinga ya Kusini ikaanza kupiga kutoka ng'ambo. Stoneman aliona kuvuka hakuwezekani, akaamuru daraja lichomwe, akarudi alikotoka.

Kimia cha mbao kavu chini ya paa ni kuni tayari. Kile kilicholifanya daraja lidumu ndicho kilichoharakisha moto. Na jeshi lililolichoma lilikuwa jeshi ambalo ushindi wake ungewakomboa watumwa wote wa Georgia. Frances alifariki mwaka huohuo wa 1864. Kwa hiyo katika kipindi kifupi King alipoteza mali, na mwenye kuisimamia.

Swali la uchambuzi linabaki: je, uamuzi wa mwaka 1855 ulikuwa mbovu? Kuna wanaoweza kusema aliweka mayai yake yote katika kapu moja, tena kapu lililotengenezwa kwa mbao juu ya mto ulio kwenye njia ya majeshi. Siikubali hukumu hiyo. Mwaka 1855 hakuna aliyejua Stoneman angepita pale. Hatari aliyoweza kuipima ilikuwa mafuriko, na hiyo aliijua kuliko mtu yeyote katika bonde zima. Na hakuweka yote hapo: aliendelea na kazi za ujira wakati wote, ndiyo maana moto haukummaliza. Kosa, kama lipo, ni kwamba utajiri wake wote, hisa, ujira na noti, ulikuwa ndani ya nchi moja iliyokuwa ikielekea kuanguka. Na mtu huru mweusi wa Alabama hakuwa na benki ya Boston ya kupeleka akiba yake.

Aprili 1865, jeshi la Kaskazini la James Wilson lilipoushambulia mji wa Columbus, madaraja ya pale nayo yaliteketea. Ndipo ikaonekana kilichobaki mkononi mwa King. Kusini nzima ilihitaji madaraja, na wachache walijua kuyajenga kama yeye. Aliyajenga tena ya Columbus, sasa akiwa raia. Mwaka 1868 watu wa kaunti ya Russell walimchagua kuingia bunge la Alabama, na wakamrudisha mwaka 1870. Kiti hicho alikichukua kwa kuchelewa na bila shauku, kwa sababu alikuwa na kazi za kumalizia. Siasa hazikumvuta. Najua wapo wanaomlaumu kwa hilo, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa adimu na ilifungwa tena haraka kwa weusi wa Kusini; lawama hiyo ina uzito, na simtetei sana.

Alichokifanya baadaye ni kugeuza theluthi iliyoungua kuwa kitu cha aina nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alihamia LaGrange, Georgia, pamoja na watoto wake, na kazi zikaendeshwa kwa jina la familia: King Brothers, kampuni ya madaraja na majengo, mikononi mwa wale waliokua wakikusanya tozo kando ya Chattahoochee. King alifariki Mei 28, 1885. Mwaka huohuo mwanawe Washington alikamilisha daraja la Watson Mill, juu ya South Fork, tawi la mto Broad, Georgia, kwa kimia cha Town na vigingi vya mti, urefu wa mita 70 hivi. Magari bado yanapita juu yake.